Umehamia Tabora? Namna ya kuusoma mtaa mpaka uone watu wanavyoutengeneza

Nilipohamia Tabora kutoka Kigoma chumba nilipata ndani ya siku mbili tu, dalali alinizungusha Ng'ambo, akanizungusha Cheyo, afu akanileta Isevya nikaona nyumba ina mwembe mbele na bomba uani, nikalipa kodi ya miezi sita nikajua basi, nimehamia. Kumbe nilikuwa nimehamia nyumba, mtaa bado. Mtaa ulinichukua karibu mwaka mzima na hela kidogo na aibu moja ambayo nitaisimulia huko mbele. Na kwa kuwa kila baada ya muda kuna kijana anapangiwa kazi huku au anashuka na treni kutafuta maisha na anaishia kuniuliza pale kibandani "kaka hivi watu wa huku wakoje?", nimeona niandike mara moja, akija mwingine namwonyesha hii.

Swali lenyewe ndo baya. Hakuna "wakoje". Kuna wanachofanyiana, asubuhi, jioni, kwenye msiba, kwenye foleni ya kusaga, na kile wanachofanyiana kila siku ndo mtaa wenyewe, kuta na mabati ni mahali pa kulala tu. Kwa hiyo acha kutafuta tabia za watu, angalia nini kinafanyika, nani anakifanya, na nini kinampata asiyekifanya. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote.

Mi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Nakaa kwenye kibanda cha mbao toka saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na mteja akiwa hayupo kazi inayobaki ni kutazama watu. Mtaani wananiita Wakala, jina langu la kuzaliwa nadhani wanalijua watu sita.

Anza kwa kukaa

Wiki ya kwanza usiulize maswali. Mgeni anayeuliza maswali mengi anaambiwa ni mtu wa usalama wa taifa, na likishakaa hilo halitoki. Tafuta mahali ambapo watu wanakaa bila sababu, ukae na wewe. Kwa mwanaume kijiwe cha kahawa kinatosha, unanunua kikombe na kashata unanyamaza. Kwa mwanamke ni bombani, saluni, au kwenye mashine ya kusaga mahindi, na mke wangu ananiambia foleni ya mashine inajua mambo ya mtaa siku mbili kabla ya kijiwe chetu, nami sibishi. Daftari usitoe. Andika usiku ukiwa chumbani kama unataka kuandika.

Sasa ukikaa angalia benchi. Kijiwe chetu kina mabenchi mawili na kigoda cha muuza kahawa, hakuna namba, hakuna aliyegawa nafasi, ila wiki mbili tu utaona kila mtu ana pake. Mwisho wa benchi la ndani, chini ya mwarobaini, palikuwa pa mzee mmoja fundi cherehani. Mi siku ya kwanza nikakaa hapo hapo, ningejua wapi, ni kivuli kizuri kuliko pote. Hakuna aliyeniambia toka. Muuza kahawa akasema tu kwa upole, "Kaka sogea huku bana, hapo kuna jua." Nikaangalia juu, naona majani matupu. Nikasogea. Dakika tano mzee akaja akakaa, wakaendelea na stori zao za mpira kama hakuna kilichotokea.

Hapo nilijifunza kitu ambacho ndo nakupa kama kanuni ya kwanza, ukiambiwa sababu isiyoingia akilini ujue umegusa ukuta. Hauonekani lakini upo, na umejengwa na hao hao waliokaa hapo, kila siku wanaujenga upya kwa kumwachia mzee nafasi yake.

Salamu ni kipimo

Shikamoo unaijua, lakini jaribu kuangalia anapewa nani. Tunasema ni ya wakubwa kwa umri, sawa, ila mbona baba mkwe mwenye miaka arobaini anapewa na mtu wa hamsini aliyeoa binti yake? Mbona mwalimu kijana anapewa na watoto ambao kaka zao wa rika lake wanaambiwa "mambo"? Umri ni kitu kimoja, mtaa unahesabu na vingine. Na neno lenyewe limesafiri, zamani huko pwani lilikuwa la mtu wa chini kwa bwana wake, kushika miguu kabisa, leo mtoto wa shule anamwambia bibi muuza karanga na hakuna mtumwa hapo wala bwana. Maneno ni yale yale, watu wamebadilisha kilichomo. Nje kidogo ya mji utakuta wazee wanataka mwangaluka asubuhi, ukiitikia vizuri unaona uso unafunguka, na binti aliyelelewa kwa utaratibu wa zamani atainamisha goti anaposalimia. Usimwambie asipige goti eti ni mambo ya kizamani, utakuwa umeutukana ukoo mzima.

Kuna msomi mmoja wa Marekani, Harold Garfinkel, miaka ya 1960 alikuwa anawatuma wanafunzi wake nyumbani kwao wakaishi kama wapangaji kwa robo saa mpaka saa moja hivi, yaani waombe ruhusa ya kufungua friji, wamwite mama yao kwa heshima kama mama mwenye nyumba, wasiongee mpaka waulizwe. Familia zikachanganyikiwa, wengine wakauliza we unaumwa, wengine wakakasirika kabisa. Alichotaka kuonyesha ni kwamba utaratibu wa kila siku hauonekani mpaka uvunjwe.

Mi nilisoma hayo chuoni nikasahau, nikaja kuyafanya bila kutaka. Siku moja nina haraka nawahi benki kuchukua floti, nikapita mbele ya yule mzee fundi bila kumsalimia. Sikumwona au nilimwona nusu nusu, sijui. Saa tano asubuhi muuza maandazi ananiuliza "Wakala mmegombana na mzee?" Saa nane mwenye nyumba wangu ananipigia simu yuko Nzega huko, ananiambia baba, kama kuna tatizo na mzee yaongeleeni yaishe. Nzega! Kutoka huku mpaka huko habari imefika kabla sijala mchana. Jioni nikaenda nikamwamkia, nikamwambia mzee wangu asubuhi nilikuwa nawahi benki nisamehe, akacheka akasema "Nilijua una haraka mwanangu, ni hawa." Hawa. Yaani yeye mwenyewe hakukasirika, ni mtaa ndo ulikasirika kwa niaba yake.

Kwa hiyo usijaribu makusudi. Ila ukikosea, usikimbilie tu kuomba radhi, kaa masaa machache usikilize ni nani analeta habari na inapitia wapi. Utaijua ramani ya mtaa mzima kwa siku moja, nani ndugu ya nani, nani anaaminiwa.

Uliza "wa wapi" mara tatu

Sasa umeshakaa mwezi, unaweza kuuliza. Swali zuri kuliko yote ni "we wa wapi?" lakini ujanja wake ni kumuuliza mtu yule yule sehemu tofauti. Kijiweni atakwambia Sikonge. Ukimkuta stendi ya Dar es Salaam atakwambia Tabora. Akija Msukuma kumtania atakuwa Mnyamwezi haraka sana. Akiwa ofisini anajaza fomu, Mtanzania. Hadanganyi popote, ni kwamba jibu linategemea nani yuko mbele yake.

Na hayo majina ya makabila tunayoyabeba kama vile yalishuka na mvua, hebu yaangalie. Wanyamwezi ni jina watu wa pwani walilowapa watu waliotoka huku magharibi, upande mwezi mwandamo unapoonekana, wenyewe zamani walikuwa watu wa Unyanyembe, watu wa Urambo, kila mtemi na watu wake. Sukuma maana yake ni kaskazini. Wasukuma ni "wale wa kaskazini", na walioko kusini wakaitwa Wadakama maana dakama ni kusini. Yaani mtu akisimama mahali akanyoosha kidole, ndo kabila hilo! Afu wakaja wakoloni na madaftari yao wakaandika kila mtu na kabila lake, wakatafuta na machifu wa kuweka juu, kidole kikawa kitambulisho, leo kuna watu wako tayari kugombana juu ya nani Mnyamwezi halisi. Utani nao ni hivyo hivyo, Wanyamwezi na Wazaramo wanatukanana misibani na kucheka kwa sababu ya miguu ya wapagazi waliokuwa wanatembea toka huku mpaka pwani, ukifika kwa watu ambao huna ndugu unahitaji namna ya kuwa karibu bila kupigana, wakaitengeneza.

Mi mwenyewe kule kwetu sikuwahi kuwa "mtu wa Kigoma". Kasulu nilikuwa mtu wa kijiji fulani, tena wa upande wa juu wa kijiji, wa chini hatukuwa tunaelewana nao. Nimeshuka treni Tabora nikawa Muha, na wiki ya pili nikawa "mwisho wa reli", maana reli inaishia Kigoma, na kila nikirudi likizo naagizwa dagaa na migebuka kama vile mi ni mvuvi, wakati ziwa nimeliona mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Na baada ya mwaka nikaanza kujibu "sisi watu wa Kigoma dagaa tunawajua". Tunawajua wapi!

Hicho kijiji chenyewe nikupe stori yake maana ndo mfano ninaoupenda. Ukienda leo wazee wanakwambia "hapa kijijini kwetu mila yetu ni hii na hii", unadhani ni toka enzi na enzi. Babu yangu alikuwa anaishi mlimani huko, nyumba moja hapa, nyingine mbali mpaka uite. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakashushwa wakapangwa kwenye mistari kando ya barabara, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akatangaza nchi nzima mpaka mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Babu aliwekwa jirani na mtu ambaye hakuwa anamjua kabisa. Wakagombania mpaka wa shamba, wakaazimana jembe, watoto wakaoana, wakazikana. Mi ni mjukuu wa wote wawili. Sasa mtu akiniambia jumuiya ni damu tu, namwambia aende akaone ile mistari ya nyumba, kamba ya bwana mpima ndo ilianza, damu ikafuata.

Na huku huku Tabora kuna Ulyankulu. Waliokimbia Burundi 1972 walikaa hapo wanaitwa wakimbizi, watoto wakazaliwa wakimbizi, wajukuu pia, wanalima na kuuza kama mtu mwingine yeyote ila neno limewakalia kichwani. Mwaka 2014 serikali ikawapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Karatasi. Mtu analala mkimbizi anaamka raia, shamba ni lile lile na mtoto ni yule yule. Lakini nimewahi kusikia kwenye foleni yangu mteja anasema chini chini "huyu ni wale wa kule", kwa hiyo karatasi ilifanya kazi yake na midomo ya watu bado haijamaliza ya kwake.

Mwenyekiti na balozi

Hapa haraka tu. Nenda ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, unaweza kuhitaji barua yake ukitaka kufungua akaunti, kumdhamini mtu, kitambulisho, mambo mengi tu. Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, CCM, siyo serikali, na hilo kila mtu analijua toka vyama vingi virudi 1992, lakini ukiibiwa kuku saa kumi usiku utakuta watu wanaenda kwa balozi kwanza. Kwa nini? Kwa sababu jana walienda kwake. Ndo hivyo. Muhuri wa mwenyekiti una nguvu kwa kuwa ofisini wanaukubali, na balozi ana nguvu kwa kuwa mlango wake unagongwa. Siku watu wakiacha kugonga atabaki mzee mwenye bendera uani.

Msiba, na lile daftari

Sasa tufike penyewe. Ukitaka kuona mtaa unavyojengwa kwa macho yako usiende mkutano wa mtaa, nenda msibani.

Kwetu kuna daftari, lile kubwa la jalada gumu, analo mama mmoja mweka hazina. Ukurasa una mistari mitatu ya kalamu nyekundu kapiga na rula, jina, kiasi, na ya mwisho haina kichwa. Kila nyumba elfu mbili. Turubai linafungwa, wanaume wanabeba mabenchi kutoka kwa jirani mwenye ukumbi, vijana wanaenda makaburini na majembe, wanawake wanakuja na sufuria kila moja imepigwa alama ya rangi chini ili isipotee, kuna anayechambua mchele, kuna anayesimamia kuni, na kuna dada mmoja anaosha vyombo toka asubuhi mpaka usiku na hakuna aliyewahi kumpangia. Usiku wanaume wanalala nje chini ya turubai. Hakuna mshahara, hakuna katiba iliyoandikwa, na mambo yanakwenda kuliko ofisi nyingi nilizowahi kuingia.

Nikauliza kwa nini elfu mbili, kwa nini isiwe elfu moja au tano. Vijana wakanijibu "ndo utaratibu." Mwenyekiti akasema ndo utaratibu. Mweka hazina naye akasema kaka, utaratibu ndo huo tangu nilipokabidhiwa. Mpaka bibi mmoja muuza matobolwa pale kona, amekaa mtaani kabla ya umeme kufika, akaniambia akicheka, ilikuwa mia tano. Ikaja mvua moja misiba ikafuatana, kwenye msiba wa nne mchele haukutosha wageni wakarudi bila kula, ikawa aibu, mume wake mwenyewe akasimama akasema jamani tutoe elfu, baadaye hela ikashuka thamani ikawa elfu mbili. "Tulikuwa saba tumekaa kwenye mkeka," ananiambia. Watu saba kwenye mkeka! Wanne wameshakufa, na leo mtu mzima na akili zake anaona elfu mbili kama vile ni amri ya toka mbinguni.

Peter Berger na Thomas Luckmann waliandika jambo hili 1966, wakiwa mbali kabisa na mkeka wa Isevya. Walisema watu wawili wakianza kufanya kitu kwa namna moja kinakuwa mazoea, wenyewe wanakumbuka ni wao walianzisha wanaweza wakabadilisha, lakini akija wa tatu, mtoto au mgeni, yeye anakikuta kimesimama kama mlima, anaambiwa ndivyo ilivyo. Wewe mgeni ndo huyo wa tatu. Kwa hiyo ukitaka kuona mkeka nyuma ya mlima, tafuta bibi wa kona. Kila mtaa una mmoja, na usimuulize "kwa nini", muulize "zamani ilikuwaje", atakuongelesha mpaka maembe yaive.

Aibu yangu sasa. Msiba wa kwanza mtaani mi nina miezi miwili, wateja wengi mwisho wa mwezi, nikamtumia mweka hazina elfu tano kwa simu. Tano siyo mbili! Nikaona nimefanya kubwa, nikabaki kibandani. Nikatuma na msiba wa pili, na wa tatu. Mwezi wa nane akafariki mama mkwe Kasulu. Mke wangu akatangulia, mi nikabaki siku moja kupokea watu hapa maana ndo inavyotakiwa, nikakodi turubai, nikakodi viti hamsini.

Walikuja watu kumi na wawili. Na simu yangu ikaanza kulia, elfu mbili, elfu mbili, elfu tano, elfu mbili, na ujumbe mzuri wa pole, mtu yuko nyumba ya tatu ananitumia rambirambi kwa simu na mi namwona anapita na baiskeli. Viti vimekaa vitupu, upepo unapiga turubai. Mzee fundi ndo alikaa na mi mpaka usiku. Sikuwa na wa kumlaumu na nilitamani sana nimpate.

Baadaye nikaomba kuliangalia daftari. Ile safu isiyo na kichwa, mbele ya majina ya wengine kulikuwa na herufi, "m" kwa aliyebeba mabenchi au majembe, "j" kwa aliyekuwa jikoni, "l" kwa aliyelala. Mbele ya jina langu mara tatu, imeandikwa vizuri kabisa kwa mwandiko wa shule, "simu". Walikuwa hawajanikasirikia. Walinirudishia nilichotoa, kwa njia ile ile niliyotolea.

Kwa hiyo ukiwa mgeni, fanya hivi. Kiwango toa kile kile wanachotoa, usizidishe, ukizidisha unaonekana unajinunulia nafasi na unawatia wengine deni. Fika mwili wako. Kama hujui la kufanya shika benchi, hakuna anayekatazwa kushika benchi. Ukiweza lala usiku mmoja. Wanawake mke wangu anasema ni sufuria na maji, usiingie jikoni kuanza kuelekeza mapishi ya kwenu, chukua vyombo vichafu uoshe, utaitwa mwanetu kabla ya saa saba.

Maneno yanayogeuka kuwa kweli

Mwaka jana ulizuka uvumi kwamba mi sina keshi. Sijui ulianza wapi, nilikuwa nazo. Lakini waliokuwa wanaleta hela kuweka wakasikia wakaenda kwa wakala wa kule sokoni, maana nani anataka wakala aliyeishiwa, na waliotaka kutoa ndo wakaja mbio wawahi kabla hazijaisha. Hazijaingia, zimetoka tu. Saa tisa jioni nikawa sina keshi. Uvumi ulikuwa uongo saa nne, kweli saa tisa, na wote waliosema wakaonekana walijua. W. I. Thomas na Dorothy Thomas waliliandika 1928, kwamba watu wakikichukulia kitu kuwa ni kweli, matokeo yake yanakuwa ya kweli. Mi nililipia kusoma sentensi hiyo chuoni, afu nikailipia tena kibandani.

Ila kwangu ilikuwa hela. Kuna mahali inakuwa uhai. Huku kwetu na mikoa jirani kuna bibi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Mama amepikia kuni miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi umemla macho, na ng'ombe wa mtu akifa au mtoto akiugua, ukoo unakaa unataja jina. Macho hayajabadilika, ni watu ndo wamekubaliana yana maana gani. Ndo maana sipendi mtu anavyosifia jumuiya kama vile kila kilichojengwa na watu wengi ni kizuri. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku Unyamwezini na Usukumani kwa sababu wezi wa ng'ombe walikuwa wanatesa watu na msaada haukuwa unafika, watu wakajipanga wenyewe na mishale na filimbi, ng'ombe wakarudi, safi kabisa. Na sehemu nyingine filimbi hizo hizo zikapigwa mbele ya nyumba ya bibi. Kwa hiyo unapousoma mtaa usiishie kuangalia nani anapewa benchi, angalia nani jina lake linatajwa kwa sauti ya chini. Ukisikia macho mekundu yanasemwa, usicheke na usinyamaze, mwambie mwenyekiti, mwambie shehe au mchungaji, mwambie mtu ambaye mlango wake unagongwa.

Mzee fundi tulimzika mwezi wa tatu. Nilibeba mabenchi, nililala usiku mbili, kwenye daftari nina "m" na "l" na nilikwenda kuziangalia kama mtoto anayeangalia matokeo. Cherehani yake mwanawe ameiuza.

Juzi hapa amekuja mwalimu kijana amepangiwa shule ya hapa jirani, katoka Mbeya, mpole. Akanunua kahawa, akaangalia benchi, akaenda moja kwa moja kukaa mwisho kule chini ya mwarobaini. Watu wakanyamaza kidogo. Nikajisikia nasema, "Mwalimu sogea huku bana, hapo kuna jua."

Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Akasogea.